Rais Asiye na Maktaba Hata Moja

Chama cha wakutubi ni umoja wa watu, si wa majengo. Hakina rafu, hakiazimishi vitabu, wala hakimlipi mshahara mkutubi hata mmoja wa kaunta. Nchini Tanzania tofauti hiyo ni rahisi kuiona. Bodi ya Huduma za Maktaba, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1963, ndiyo inayoendesha Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam pamoja na maktaba za mikoa. Chama cha wakutubi ni chombo kingine kabisa, kinachowakusanya wanaofanya kazi humo na wenzao wa vyuo vikuu, shule, mahakama na benki. Anayekiongoza hana amri juu ya maktaba yoyote. Hawezi kumhamisha mtumishi, kuagiza kitabu wala kufungua tawi lililofungwa na halmashauri. Alicho nacho ni sauti, kanuni za mikutano na imani ya waliompigia kura, na siku yake ya kazi huisha akihangaika na vitu hivyo vitatu.

Kazi hiyo huonekana kwa ukamilifu wake Marekani, kwenye chama kikongwe na kikubwa kuliko vyote vya aina yake duniani, kinachojulikana kwa kifupi kama ALA. Kilizaliwa Philadelphia tarehe 6 Oktoba 1876, mji ukiwa umefurika wageni wa maonyesho ya kuadhimisha miaka 100 ya uhuru. Walihudhuria watu 103, wanaume 90 na wanawake 13. Rais wa kwanza alikuwa Justin Winsor, mkuu wa Maktaba ya Umma ya Boston. Ukatibu ulikwenda kwa kijana wa miaka 24, Melvil Dewey, ambaye mwaka huohuo alikuwa ametoa toleo la kwanza la mpango wake wa kupanga vitabu kwa namba, zile namba zinazobandikwa hadi leo kwenye migongo ya vitabu katika maktaba nyingi za Afrika Mashariki. Sasa wanachama ni karibu 50,000. Makao makuu yako Chicago, na ofisi ya kushughulika na Bunge iko Washington.

Urais wa chama hicho hupatikana kwa kura za wanachama wote, na mshindi huingia katika ngazi ya miaka mitatu: wa kwanza akiwa rais mteule, wa pili rais, wa tatu rais aliyemaliza muda lakini mwenye kiti bado katika Kamati Tendaji. Madaraka kamili ni ya mwaka mmoja tu, kuanzia mwisho wa mkutano mkuu wa katikati ya mwaka hadi mwisho wa mkutano unaofuata. Cheo hakina mshahara. Rais hubaki na ajira yake, iwe ni kusimamia maktaba ya jiji, kufundisha chuoni au kuongoza maktaba ya chuo kikuu, na mwajiri wake hukubali kumkopesha kwa chama kwa muda huo. Uendeshaji wa kila siku, yaani bajeti, wafanyakazi, mikataba na uchapishaji, umo mikononi mwa mkurugenzi mtendaji aliyeajiriwa. Watu wa nje huuchanganya mgawanyo huu, na pengine hata rais mwenyewe katika wiki za kwanza. Mkurugenzi anajua kila faili na atakuwepo miaka mingi. Rais ni mpita njia. Anayefika na mipango kumi hutoka na nusu ya mmoja. Wanaokumbukwa ni wale waliochagua jambo moja na kulishikilia.

Siku huanza mapema kwa sababu ya jiografia. Washington inapofika saa mbili asubuhi, California bado ni saa kumi na moja alfajiri, na rais anayeishi pwani ya magharibi hupokea simu ya kwanza kabla jua halijachomoza. Kabla ya kwenda kazini kwake hupitia barua pepe zilizolala usiku: kamati inaomba uteuzi wa mjumbe, mwandishi wa habari anataka kauli kabla ya saa sita, chama cha jimbo kinamkaribisha kuhutubia mkutano wake wa mwaka. Uteuzi wa wajumbe wa kamati ni kazi kubwa kuliko inavyosikika. Kamati ni nyingi, nafasi zinamalizika kila mwaka, na jina likiachwa hovyo huleta kinyongo cha muda mrefu. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanywa mapema, angali rais mteule.

Katika miaka ya karibuni barua nzito za asubuhi zimehusu vitabu vinavyotakiwa kuondolewa rafuni. ALA ilianzisha Ofisi ya Uhuru wa Fikra mwaka 1967, ikaongozwa na Judith Krug hadi alipofariki mwaka 2009, na ofisi hiyo huweka kumbukumbu za madai ya aina hiyo nchi nzima. Mwaka 2022 ilihesabu vitabu 2,571 vilivyolengwa; mwaka 2023 vikafika 4,240, idadi kubwa kuliko yoyote iliyowahi kurekodiwa. Ongezeko hilo halikutokana na wazazi mmojammoja walioshtushwa na walichokiona kwenye begi la mtoto. Vikundi vilivyojipanga vilianza kupeleka orodha ndefu za vitabu kwa mkupuo, mara nyingi orodha ileile katika wilaya zilizo mbali kabisa.

Utaratibu ambao chama huwashauri wakutubi ni wa kuchosha, na umetengenezwa hivyo makusudi. Mlalamikaji hupewa fomu ya maandishi. Fomu ya mfano inamuuliza kitabu gani, kina kasoro gani, na angependa kifanywe nini. Inamuuliza pia kama amekisoma chote, na kama hakukisoma chote, amesoma sehemu zipi. Swali hilo limesitisha malalamiko mengi kuliko hotuba yoyote. Anayeendelea, fomu yake huenda kwenye kamati, kamati hukisoma kitabu kizima, kisha hutoa uamuzi ulioandikwa. Muda wote huo kitabu hubaki rafuni. Maktaba iliyopitisha utaratibu kama huu kabla ya mgogoro huwa na mahali pa kushika. Ile inayoutafuta wakati wa mgogoro hukuta bodi yake tayari imeshaamua kwa makelele.

Hapo rais anafanya nini? Hawezi kuiamuru bodi ya wilaya chochote. Hutia saini kauli ya chama, huzungumza na gazeti la mji huo, na wakati mwingine humpigia simu mkutubi mwenyewe, mara nyingi mtu wa mji mdogo ambaye jirani zake wameanza kumkwepa sokoni na kanisani. Simu hiyo haimo katika katiba ya chama wala haiandikwi popote, lakini wapo waliobaki kazini kwa sababu yake zaidi kuliko kwa sababu ya kauli rasmi. Kauli zenyewe husimama juu ya waraka wa mwaka 1939, Hati ya Haki za Maktaba, unaoeleza kuwa vitabu havipaswi kuondolewa kwa sababu ya asili au maoni ya mwandishi. Hauna nguvu ya sheria, lakini mahakama na magazeti huurejea, na ndiyo silaha ya kwanza ambayo kila rais hurithi.

Mchana ni wa wanasiasa. Kisa kinachoonyesha ukubwa wa nafasi hii na udogo wake kwa pamoja ni cha Carla Hayden, aliyekuwa rais wa ALA mwaka 2003 hadi 2004 huku akiendelea kuongoza Maktaba ya Enoch Pratt mjini Baltimore. Sheria ya kupambana na ugaidi iliyopitishwa Oktoba 2001 ilikuwa na kifungu cha 215, kilichowaruhusu wapelelezi wa serikali kuu kudai kumbukumbu za aina yoyote kwa kibali cha mahakama ya siri, na aliyedaiwa alikatazwa kusema kwamba amedaiwa. Wakutubi walikiona mara moja: orodha ya vitabu alivyoazima mtu ingeweza kuchukuliwa na mwenyewe asijue kamwe. Maktaba nyingi zilianza kufuta rekodi za uazimaji mara kitabu kinaporudishwa, ili zikidaiwa zisiwe na cha kutoa.

Septemba 2003 Mwanasheria Mkuu wa Marekani, John Ashcroft, alisimama hadharani na kuwakejeli wakutubi kuwa wamepandwa na hofu isiyo na msingi. Hayden alimjibu kupitia vyombo vya habari, bila matusi na bila kurudi nyuma: kama hakuna cha kuogopa, serikali iseme kifungu kimetumika mara ngapi. Siku chache baadaye simu ililia. Alikuwa Ashcroft mwenyewe, akieleza kuwa ameamua kuiondolea taarifa hiyo usiri. Ilipotolewa ilionyesha kuwa mpaka wakati huo kifungu kilikuwa hakijatumika hata mara moja. Mkuu wa maktaba ya jiji alikuwa ameipata namba ambayo watu wenye vyeo vikubwa kuliko yeye waliidai wakanyimwa. Kifungu chenyewe hakikufutwa. Kiliendelea kuhuishwa kwa marekebisho kwa miaka mingi. Hayden aliteuliwa kuongoza Maktaba ya Bunge mwaka 2016, mwanamke wa kwanza na Mwafrika-Mmarekani wa kwanza kuishika, akaondolewa na Ikulu Mei 2025.

Mwaka huohuo wa 2025 mchana wa rais wa ALA ulihamia mahakamani. Machi, amri ya rais wa nchi iliagiza kubomolewa kwa taasisi ya serikali kuu inayogawa ruzuku za maktaba na makumbusho kwa majimbo. Ruzuku hizo, kwa maktaba za vijijini, ndizo zinazolipia intaneti na mpango wa kuazimana vitabu kati ya mji na mji. Mwezi uliofuata chama kilifungua kesi kwa kushirikiana na muungano wa wafanyakazi wa umma. Katika siku kama hizo kazi ya rais ni kueleza jambo moja mara nyingi bila kuchoka na bila kulibadilisha: kwa waandishi, kwa wabunge, na kwa wanachama wanaotaka kujua kwa nini ada yao inalipa mawakili.

Alasiri huwa ni vikao. Chombo cha juu cha maamuzi ni Baraza, lenye wajumbe waliochaguliwa na wanachama wote pamoja na wale wanaowakilisha vyama vya majimbo. Rais ndiye mwenyekiti wake, na mshauri wa kanuni huketi karibu naye. Mjumbe huenda kwenye kipaza sauti, hutaja jina na anakotoka, hutoa hoja. Mwingine huiunga mkono. Ndipo mjadala hufunguliwa. Mwenyekiti haruhusiwi kuonyesha upande wake. Anayetaka kusema maoni yake lazima ampishe mwingine kiti. Hoja ya marekebisho ya hoja ya marekebisho hufika, saa zinakwenda, akidi inaanza kutiliwa shaka kwa sababu baadhi ya wajumbe wamekwenda kula. Mwenyekiti dhaifu huharakisha kura, na uamuzi uliopatikana hivyo hurudi kikao kijacho ukiwa na hasira zaidi.

Hata hivyo mambo makubwa ya chama yamepita kwenye kipaza sauti hichohicho. Mwaka 1936 mkutano mkuu ulifanyika Richmond, Virginia, na wakutubi weusi walitengwa katika kuketi na kuzuiwa kwenye milo. Miaka 28 baadaye, mkutano wa 1964 mjini St. Louis ulisikia tuzo ikitolewa kwa chama cha wakutubi cha Mississippi, kimojawapo cha vyama vya kusini vilivyowafungia mlango weusi. E. J. Josey, mkutubi wa Chuo cha Savannah State huko Georgia, alisimama ukumbini na kutoa hoja kwamba maofisa na watumishi wa ALA wasihudhurie tena mikutano ya vyama vya majimbo vinavyobagua. Hoja ikapita. Mwaka uliofuata Josey mwenyewe aliandikishwa kuwa mwanachama mweusi wa kwanza wa chama cha Georgia, na mwaka 1984 akawa rais wa ALA. Mwanamke wa kwanza mweusi kukalia kiti hicho, Clara Stanton Jones, alikuwa amekwisha kumtangulia mwaka 1976. Hata mwasisi hakusalimika na kipaza sauti: Juni 2019 Baraza lilipitisha azimio la kuliondoa jina la Dewey kwenye medali yake, kwa sababu ya ubaguzi wake dhidi ya Wayahudi na weusi na mwenendo wake mbaya kwa wanawake.

Fedha nazo zina saa yake, kwa kawaida jioni, kwenye simu na mweka hazina. Chama huishi kwa ada, mauzo ya vitabu na majarida, na kwa mkutano mkuu, ambapo wachapishaji na wauzaji wa mifumo ya maktaba hulipia mabanda. Mwaka 2020 korona ilifuta mkutano wa Chicago, mara ya kwanza mkutano wa mwaka kufutwa tangu 1945. Ukahamishiwa mtandaoni, mabanda yakatoweka, na pengo la bajeti likamwangukia rais ambaye hakuwa amelisababisha wala hakuwa na muda wa kulimaliza.

Ipo asubuhi moja tu katika mwaka ambayo karibu kila rais huikumbuka kwa furaha, nayo ni ya kutangaza tuzo za vitabu vya watoto. Medali ya Newbery ilianza kutolewa mwaka 1922 na ya Caldecott, kwa wachoraji, mwaka 1938. Kamati za waamuzi hujifungia siku kadhaa na marundo ya vitabu, zikijadiliana kwa siri. Siku ya tangazo, alfajiri, wajumbe wa kamati huizunguka simu moja na kumwamsha mshindi, ambaye mara nyingi hudhani amepata habari ya msiba. Saa chache baadaye majina husomwa ukumbini, na kufikia jioni kitabu kilichokuwa kikiuzwa polepole huwa kimemalizika madukani. Tuzo ya Coretta Scott King, inayoheshimu waandishi na wachoraji Waafrika-Wamarekani, haikuzaliwa kamatini. Ilitokana na mazungumzo ya wakutubi wawili wa shule, Glyndon Greer na Mabel McKissick, kwenye banda la mchapishaji katika mkutano wa 1969. Ndiyo maana rais mwenye uzoefu hutenga muda wa kutembea mabandani na kwenye korido, hata ratiba yake ikigoma.

Afrika Mashariki kazi ni ileile ila mikono ni michache. Wakutubi wa Kenya, Uganda na Tanganyika waliungana katika chama kimoja mwaka 1956, na mafunzo yao ya pamoja yakaanza Makerere mwaka 1963. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 chama kiligawanyika kuwa vyama vya kitaifa, lakini hamu ya kuonana haikwisha: mwaka 1974 Dar es Salaam ilikuwa mwenyeji wa mkutano wa kwanza wa wakutubi wa mashariki, kati na kusini mwa Afrika, mkutano ambao umeendelea kuzunguka nchi za ukanda huu. Shirikisho la dunia, IFLA, lililoanzishwa Edinburgh mwaka 1927, lilikutana Nairobi mwaka 1984, na mwaka 2003 likampata rais wake wa kwanza kutoka Afrika, Kay Raseroka wa Chuo Kikuu cha Botswana. Kwa bara zima sasa kuna AfLIA, yenye makao yake Accra.

Mwenyekiti wa chama cha kitaifa katika ukanda huu kwa kawaida ni mtumishi wa maktaba ya chuo kikuu au ya serikali. Mara nyingi hana mkurugenzi mtendaji wa kumwachia faili. Katibu na mweka hazina nao wana ajira zao, mihtasari huandikwa usiku, ada hutumwa kwa simu, na mjadala mkubwa wa chama hufanyika kwenye kundi la WhatsApp, mahali ambapo hakuna mwenyekiti wala akidi. Wanaofuatilia ukutubi wakiwa mbali hudhani shida ya kwanza ni fedha. Mara nyingi ni muda: barua ya wizara inayotaka maoni kuhusu rasimu ya sheria hufika ikiwa na siku chache za kujibu, na anayepaswa kuijibu yuko zamu kaunta.

Mambo yenyewe ni mazito. Kenya ilipoanza kutoza vitabu kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 kwa sheria ya mwaka 2013, kila shilingi ya bajeti ya maktaba ilipungua uwezo bila bajeti yenyewe kuguswa. Mwaka huohuo Mkataba wa Marrakesh ulipitishwa, baada ya wawakilishi wa wasioona na wa maktaba kuusukuma kwa miaka. Unaruhusu taasisi zilizoidhinishwa kutengeneza nakala za nukta nundu, za sauti au za maandishi makubwa bila kuomba ruhusa ya mwenye hakimiliki, na kuzivusha mipaka. Ulianza kutumika tarehe 30 Septemba 2016. Kenya ilijiunga mwaka 2017, Uganda 2018, Tanzania 2020.

Kujiunga ni saini. Kitabu cha kiada kilichokwisha kutengenezwa kwa nukta nundu Nairobi kinaweza kutumwa kwa mwanafunzi wa Tabora endapo sheria ya hakimiliki ya kila upande inakubaliana na mkataba, endapo kuna taasisi iliyotambuliwa kukipokea, na endapo mkutubi wa shule anajua kuwa anaweza kukiomba. Kulifuatilia la kwanza ni kazi ya barua na vikao na wizara. La pili huhitaji orodha ambayo mtu lazima aitunze. La tatu ni semina za wakutubi wa mikoani, na nauli zao. Kwenye ajenda ya mwenyekiti yote matatu huwa namba moja, namba ambayo huhamishwa kikao hadi kikao mpaka apatikane wa kuisukuma.